Trela ya kukunja ya kupigia kambi: nilivyonunua, nilivyokosea, na pembe ya paa isiyotaka kupanda

Mkaazi wa Tudor

Assalaam alaikum, na habari za jioni kwa wanabaraza wote. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo nina shida inayonilazimu kufungua uzi wangu wa kwanza.

Mwezi wa Januari nilinunua trela ya kupigia kambi ya aina ile inayokunjwa, yaani sanduku la chini lenye magurudumu mawili ambalo ukifika kambini unazungusha winchi, paa linainuka, vitanda viwili vinavutwa nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kuta za turubai zinasimama. Imetengenezwa Marekani na imeshatumika. Sanduku lina urefu wa mita tatu hivi. Wanalala watu watano kwa raha, na sita wakivumiliana.

Sababu ya kununua ni mama yangu mzazi. Wajukuu wanataka kambi, naye anataka kuwa walipo wajukuu, lakini magoti yake hayamruhusu kulala chini wala kupanda ngazi ya hema la juu ya gari. Katika trela hii anakanyaga kidaraja kimoja tu na yuko ndani.

Nitaeleza kwanza ununuzi wenyewe, kwa kuwa makosa yangu huenda yakamfaa mtu ambaye pesa zake bado ziko mfukoni. Muuzaji alinionyesha trela ikiwa imekwisha kufunguliwa, pazia zimefuliwa na udi umefukizwa ndani. Nilipendezwa na harufu ya ule udi, wala sikujiuliza ulikuwa unaficha nini. Nilikagua kashata za matairi, yaani meno ya mpira yanayoshika barabara, nikahesabu magodoro, nikawasha jiko likawaka. Sikulala chini kutazama tumbo la trela. Sikumwomba alishushe paa na kulipandisha tena mbele ya macho yangu, na leo hilo ndilo ningelianza nalo, maana trela hizi huonyesha maradhi yake zinapofunguka na kufungwa, na ukiikuta imesimama tayari huoni kitu. Nilipoifikisha nyumbani ndipo nilipobonyeza sakafu pembeni mwa kabati la nyuma, na plaiwudi ikaingia chini ya kidole gumba kama mkate uliochovywa chai.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Niliiweka Kikambala, kwenye kiwanja cha shemeji yangu kilicho karibu na bahari, chini ya minazi, nikaifunika kwa karatasi ya nailoni na kuiacha msimu wote wa masika. Nilidhani naihifadhi. Mwezi wa Juni nilipoifungua nilikuta mambo matatu, na ndiyo ninayoomba msaada:

Kwanza, nikizungusha winchi, pembe tatu za paa zinapanda sawia, lakini ya nyuma kushoto inachelewa kiasi cha upana wa kiganja, na paa linakaa upande kama jahazi lililopakiwa vibaya. Pili, nikiwasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma za trela zinakonyeza pamoja. Tatu, turubai lina madoa meusi na ndani mna harufu ambayo udi wa Mombasa nzima hauwezi kuishinda.

Fundi wa Jomvu

Wa alaikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa udi. Nakusihi kabla ya yote usizungushe winchi hiyo hata mzunguko mmoja zaidi, na usimruhusu mtoto kuingia chini ya paa hilo mpaka umeliwekea mbao za kuliegemeza katika pembe zote nne. Paa la trela ya kukunja ni zito, na lililokwama upande mmoja limeuweka mzigo wake wote kwenye nyaya tatu badala ya nne.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa kwa mtu aliyewahi kuona foromali ya jahazi ikipandishwa. Winchi iliyo mbele huvuta waya mmoja mnene unaopita chini ya sakafu hadi kwenye bamba la chuma. Bamba hilo huvuta nyaya nne nyembamba, na kila mmoja huenda kwenye pembe yake kupitia roda, yaani kigurudumu chenye mfereji ambamo waya hupita. Katika kila pembe waya huikokota springi ndefu iliyomo ndani ya bomba, nayo springi inapokosa pa kwenda hupinda na kupanda juu, ikiisukuma nguzo yenye vipande vinavyoingiana. Kwa hiyo pembe zote zikichelewa, tafuta kosa kwenye winchi au kwenye waya mnene. Ikichelewa pembe moja, basi kosa liko kati ya bamba na pembe hiyo, na mara nyingi ni moja kati ya mambo matatu: waya umevutika, waya umeruka nje ya roda, au roda imeshikwa na kutu haizunguki tena, na waya unasuguana juu yake badala ya kupita nayo.

Kwa trela iliyolala Kikambala masika mazima, mimi naweka dau kwenye roda. Upepo wa kusi unaleta chumvi kutoka baharini, mvua ya Mei inailowesha, na ile nailoni uliyofunika inazuia unyevu usitoke. Ungeiacha wazi ingeumia kidogo kuliko hivyo. Kifuniko cha trela katika pwani yetu kiwe cha kitambaa kinachopumua, na kisigusane na ardhi.

Lala chini ukiwa na tochi. Paka alama kwa chaki kwenye waya wa pembe ile, mwenzako azungushe nusu mzunguko huku paa likiwa limeegemezwa, na wewe utazame roda. Ikiwa waya unakwenda na roda haizunguki, umempata mwizi wako. Usikimbilie kukaza nati ya kurekebisha urefu wa waya, kwa kuwa ukikaza wakati roda imekufa utalisawazisha paa leo na kukata waya kesho. Na usipake girisi nzito kwenye nguzo zinazoingiana, kwa sababu girisi hunasa mchanga, na mchanga ndani ya nguzo hufanya kazi ya msasa. Dawa ya kupuliza ya silikoni inatosha.

Jambo jingine kuhusu winchi. Ikiwa ni ile yenye breki ndani, inapopandisha lazima itoe mlio wa tak-tak-tak. Isipolia, huenda kuna mtu aliyetia mafuta kwenye sahani zake za breki akidhani anasaidia, na siku moja mkono wa winchi utazunguka wenyewe na kumvunja mtu kiko cha mkono.

Msafiri wa Bamburi

Nisameheni kwa kuingilia. Je, kwa gharama na usumbufu huu wote, hema la kawaida na magodoro mazuri hayangetosha?

Mkaazi wa Tudor

Kwangu mimi yangetosha, bwana. Kwa magoti ya mama hapana.

Bi Mkubwa wa Kambi

Wanangu, niruhusuni niseme juu ya turubai, maana nina trela ya kukunja ya Kiingereza tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, na sasa wajukuu ndio wanaogombania kitanda cha mbele.

Madoa meusi ni kuvu, na kuvu hula pamba iliyolala na unyevu. Mwanangu wa Tudor, fungua trela yote juani kuanzia saa tatu asubuhi, vitanda nje, madirisha wazi, magodoro yakiegemezwa ukutani. Kwanza piga turubai kwa brashi laini likiwa kavu, na uvae kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lile si zuri kwa kifua. Kisha changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pangusa, acha kwa saa moja, suuza kwa maji matamu na uache likauke kabisa. Usitumie klorini ya kufulia. Inayaondoa madoa kweli, lakini inaondoka na dawa ya kuzuia maji na kuulegeza uzi wa mishono, na utafurahi kwa wiki mbili tu. Baadhi ya madoa hayatatoka kamwe. Harufu ikiisha, madoa yaache yakae, hayavujishi.

Baada ya hapo paka dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa turubai la pamba, na uitilie mkazo mishono. Ikiwa umebadilisha kipande chochote cha turubai kwa kipya, usishangae kikivuja mvua ya kwanza. Turubai la pamba lazima lilowe na kukauka mara mbili au tatu ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Nimewahi kumwona bwana mmoja akirudisha turubai dukani kwa hasira kwa kutojua hilo.

Na hili la mwisho ndilo linaloshinda dawa zote. Mvua ikikulazimisha kufunga trela ikiwa imelowa, ni sawa, lakini ifungue ndani ya siku moja ukifika nyumbani. Hapa petu si Nairobi. Unyevu wa Mombasa unaanza kuotesha kuvu huku bado unatoa viatu.

Tazama pia vyandarua vya madirisha. Vyandarua vya trela nyingi zinazotoka nje vina matundu makubwa yanayozuia mbu na kuwapitisha usubi, na mtu aliyewahi kulala karibu na mikoko jioni anajua usubi ni nini. Mimi nilimpelekea fundi wa kushona viti vya magari akanishonea chandarua cha ndani chenye matundu madogo, kwa zipu ileile.

Dereva Mstaafu

Nimevuta trela za kila namna kwa zaidi ya miaka thelathini, zikiwemo za makontena, kwa hivyo nitazungumzia yale yanayotokea barabarani.

Taa zako zote kukonyeza pamoja ni dalili ya waya wa ardhi. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi betrini hupitia kwenye balbu nyingine, ndiyo maana indiketa moja inawasha jamii nzima. Kwenye plagi ya mviringo ya pini saba yenye mpangilio wa Ulaya, ardhi ni pini ya 3, na waya wake huwa mweupe. Fuata waya huo hadi unapofungwa kwenye fremu, fungua bolti, kwangua mpaka uone chuma kinachong'aa, funga upya na upake girisi juu. Ikiwa bolti yenyewe imekuwa unga wa kutu, toboa tundu jipya mahali pengine.

Lakini trela yako ni ya Marekani, na kuna jambo ambalo muuzaji labda hakukwambia. Kule balbu moja nyekundu hufanya kazi ya breki na ya indiketa pamoja, na magari yetu yana indiketa ya manjano yenye waya wake peke yake. Watu huuza visanduku vya kugeuza mfumo mmoja kuwa mwingine. Mimi nashauri ung'oe taa zile zote, ununue taa za nyuma za kawaida zenye sehemu tatu, na uvute waya mpya kuanzia plagi. Ni kazi ya siku moja, na askari wa Mariakani hatakuwa na la kukuuliza.

Ukiwa hapo mbele pima kichwa cha kuungia, kile kinachokaa juu ya tufe la chuma la nyuma ya gari. Tufe la gari linalotumika hapa kwa kawaida ni la milimita 50, na la Marekani ni inchi 2, yaani milimita 50.8, au kwa trela ndogo inchi 1 na sehemu saba za nane, ambayo ni kama milimita 47.6. Hizi si tofauti ndogo. Kichwa kisicho cha tufe lake ama hakifungi, ama kinafunga kwa uongo na kuruka kwenye tuta la kwanza. Saizi huwa imepigwa muhuri juu ya chuma cha kichwa. Minyororo ya usalama ifungwe kwa kupishana chini ya kichwa, ili shingo, yaani mkono wa chuma wa mbele unaoiunganisha trela na gari, ikianguka idakwe isichimbe lami.

Breki nazo. Trela za Ulaya zinazozidi kilo 750 huwa na breki za kusukumwa, yaani gari likipunguza mwendo trela inajisukuma mbele na kujifunga. Za Marekani nyingi ni za umeme, na bila kifaa cha kuziamuru ndani ya gari hizo breki ni mapambo. Angalia nyuma ya gurudumu kama kuna nyaya mbili zinazoingia. Kama zipo na gari lako halina kifaa hicho, basi unavuta trela isiyo na breki, hata kama karatasi zinasema inazo.

Uzito wa shingo wengi huupuuza. Shingo nyepesi mno huifanya trela ipige mkia, hasa lori la makontena linapokupita karibu na Maji ya Chumvi na upepo wake kukuvuta. Ulaya wanashauri uzito wa shingo uwe asilimia 4 hadi 7 ya uzito wa trela iliyopakiwa, Marekani wanasema 10 hadi 15, na kinachoamua zaidi ni kikomo cha gari lako. Chukua mizani ya bafuni, weka gogo juu yake, uisimamishe shingo hapo trela ikiwa imelala sawa. Maji na vyakula vizito vikae juu ya ekseli. Usiviweke nyuma. Na siku itakapopiga mkia, usikanyage breki kwa nguvu wala kupigana na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na usubiri itulie.

Tairi usitazame kashata peke yake. Ubavuni mna tarakimu nne, kwa mfano 1917, maana yake limetengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2017. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, na likifika miaka sita mimi silifungi safari hata likiwa na kashata za kuazimisha. Habari njema ni kwamba rimu nyingi za trela za Marekani zina bolti tano kwenye mduara wa milimita 114.3, ambao ni uleule wa Toyota nyingi tunazoendesha hapa. Lakini tairi lenyewe likidhi uzito.

Beringi zifunguliwe kila mwaka, zioshwe, zijazwe girisi mpya kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Nati ya kati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, kisha irudishwe nyuma kidogo na kutiwa pini mpya. Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, uguse habu, yaani kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Ukiondoa mkono haraka, rudi nyumbani.

Mkaazi wa Tudor

Wazee wangu, nimerudi na habari, na Fundi ameshinda dau lake.

Jumamosi nililala chini na tochi, kijana wangu akiwa kwenye winchi na mbao nne za mkungu zikiwa zimeegemeza paa. Roda ya nyuma kushoto haikuwa na umbo la roda tena. Ilikuwa tonge la kutu, na waya ulikuwa umejichimbia mfereji ndani yake. Nilipoigonga kwa nyundo ndogo yaliniangukia machoni maganda mekundu kama ya kitunguu. Waya wenyewe, ukiutazama kwa mbali, ulikuwa mzima. Nilipoupitisha kitambaa kilinasa, na nilipoukunja kidogo nikaona nyuzi tano au sita zilizokwisha kukatika, zimesimama kama sharubu za paka. Nilikaa pale chini kwa dakika kadhaa nikifikiria kwamba siku ya Eid binti yangu mdogo alikuwa amelala chini ya pembe hiyo.

Fundi wa mashine za mashua upande wa Mtwapa alinichongea roda nne mpya za shaba nyekundu iliyochanganywa, ya aina wanayotumia majini, pamoja na mhimili wa chuma kisichoshika kutu. Nyaya zote nne nimebadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu aliyeziona tatu nyingine alicheka tu. Paa sasa linapanda, na tofauti kati ya pembe na pembe ni chini ya kidole. Sakafu nimekata kipande kilichooza na kutia plaiwudi ya majini, kingo zake zote nikizipaka gundi ya epoksi kabla ya kufunga. Maji yalikuwa yakiingilia kwenye raba ya mlango na kutembea chini ya kabati, si pale nilipodhani.

Waya wa ardhi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu ya mbao. Sijui niseme nini juu ya hilo.

Fundi wa Jomvu

Kazi nzuri. Shaba hiyo itakuzika. Ukumbuke alama ya mwisho kwenye waya wa winchi, uipake rangi, na usizungushe kuipita. Nyaya nyingi hukatwa na mtu anayetaka paa liende juu kidogo zaidi.

Mwanafunzi wa Umeme

Naomba niongeze kuhusu umeme wa ndani, kwa kuwa hakuna aliyeugusa, na kwa trela ya Marekani ni jambo la hatari. Kule umeme wa nyumba ni volti 120 kwa mizunguko 60, na wetu ni 240 kwa mizunguko 50. Kisanduku kilichomo ndani, kinachochaji betri na kulisha taa, kimetengenezwa kwa 120. Ukikichomeka kambini kwa kubadilisha plagi peke yake kitatoa moshi. Kiondoe, uweke chaja ya volti 12 ya hapa kwetu, pamoja na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja. Upande wa volti 12 hauna tatizo, kwa kuwa 12 ni 12 popote.

Friji yenye njia tatu, ya gesi, umeme wa nyumba na betri, haina mashine inayozunguka. Inafanya kazi kwa joto linalochemsha mchanganyiko wa amonia, na kwa hiyo trela isipokuwa sawa kabisa kwa pima maji haipoi na inaweza kuharibika. Kwa betri inakula kama ampea 8 hadi 10 bila kupumzika, kwa hiyo njia hiyo itumike gari likiwa linanguruma tu. Kwa joto letu mimi ningeitoa na kuweka friji ndogo ya kompresa.

Hesabu yake ni hii. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi na asidi usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Friji ya kompresa ya wati 45 inayofanya kazi nusu ya muda itakula kama 540 kwa siku. Feni ya wati 20 kwa saa tisa ni 180, na bila feni mama hatalala. Taa za LED ni kama 60. Jumla 780, na betri moja haikutoshi. Paneli ya wati 200, kwa saa tano za jua kali na baada ya kuondoa upotevu, inarudisha kama 700. Paneli usiifunge juu ya paa, kwa kuwa utaupa uzito mfumo uliokwisha kuteseka. Tumia waya mrefu, trela ikae chini ya mwembe na paneli ikae juani.

Bi Mkubwa wa Kambi

Na gesi, jamani. Mtungi wa kilo 6 unatosha, ukae nje kwenye shingo, wima, na ufungwe safarini. Mpira wa gesi uliokuja na trela utupwe bila kuuhurumia. Ukifunga mpya pima maungio kwa povu la sabuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hulala chini, ndiyo maana sakafuni kuna vitundu. Wako watu wanaoviziba wakidhani ni njia ya siafu. Na jiko la makaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu tu, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua watu waliolala.

Dada wa Nyali

Nashukuru kwa uzi huu. Nimeonyeshwa trela mbili, moja ina karatasi na nyingine muuzaji anasema haihitaji kwa kuwa haina injini. Ni kweli?

Dereva Mstaafu

Si kweli, binti yangu. Trela husajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kama chombo chenyewe, ina logbuku yake, na kibao chake huanza na herufi Z. Linganisha namba ya chasi iliyopigwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logbuku, na uiguse kwa kidole, kwa sababu kibandiko huhamishwa na chuma hakihamishwi. Uhamisho wa umiliki unafanyika kupitia eCitizen, na usitoe pesa ya mwisho kabla muuzaji hajauanzisha mbele yako. Ile isiyo na karatasi iache, hata iwe nzuri namna gani.

Mkaazi wa Tudor

Ripoti ya mwisho kwa sasa. Ijumaa iliyopita tulikwenda Shimba Hills. Tulipita barabara ya Dongo Kundu badala ya feri, kwa sababu nilihofia kukwaruza shingo kwenye mteremko wa Likoni maji yakiwa yamekupwa, tukatokea Kibundani na kupandia Kombani hadi Kwale. Hapo Kombani niligusa habu zote mbili, zilikuwa vuguvugu. Paa lilipanda kwa dakika saba. Asubuhi mama aliketi kitandani, akafungua zipu ya dirisha, na palahala watatu, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, walikuwa wamesimama ng'ambo ya nyasi. Kwa nchi yetu wanyama hao wako huko tu, kwa hiyo hakutaka kushuka hata kunywa chai.

Usiku wa pili ilinyesha. Mshono mmoja juu ya kitanda cha mbele ulitoa tone, mama akaweka sufuria chini yake na kuendelea kulala. Bi Mkubwa, mshono huo nitaupaka nta wiki hii.

Limebaki swali moja, na ni la mama. Mlango wa trela uko upande wa kulia, kama walivyozoea Marekani, kwa hiyo tukisimama kando ya barabara anashukia kwenye magari. Anauliza kama Fundi anaweza kuuhamishia kushoto.

Fundi wa Jomvu

Mfikishie salamu zangu. Siwezi, kwa kuwa turubai, fremu ya mlango na kabati vyote vimekatwa kwa upande huo. Mkisimama njiani ageukie kwenye gari lenyewe kupumzika, na kambini uiegeshe trela mlango ukitazama kwenye nyasi. Akija kwangu Jomvu nitamtengenezea kidaraja kipana chenye cha kushikilia.